Aikande na Mtoto wa Mbwa Aliyeng'oa Masale

"Nipeni masikio."
"Tumekupa."
"Nipeni na mioyo."
"Tumekupa."
"Nipeni na meno."
"Hayo hatutoi, tunayatafunia."

Basi hapo kale, mlima ungali mdogo na mimi ningali na nywele, palikuwa na mjane mmoja, Aikande, aliyeishi peke yake kwenye shamba la migomba. Mume hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Alikuwa na mtoto wa mbwa, jina lake Tuone. Na jamani, waliona.

Tuone alitafuna mpini wa jembe. Akatafuna kigoda. Akatafuna ungo, kisha akalala juu ya mabaki yake kama sultani. Akatoka uani akachimba, akachimba, akachimba, mpaka akang'oa masale.

Mnayajua masale? Ni mimea ya mpakani, huko mlimani. Kung'oa isale la jirani ni kama kumng'oa ndevu.

Jirani yake, Mzee Mrindoko, akaja na panga. Aikande akachuma jani la isale mbio mbio, akalipiga fundo, akamnyooshea kwa mikono miwili. Mlimani, ukiombwa msamaha kwa jani hilo hukatai, hata uwe na panga mkononi.

"Nimepokea, shemeji," Mrindoko akasema. "Lakini siku masika yakianza, nikikuta shimo moja mpakani, huyu namtupa ng'ambo ya korongo. Na usiniletee jani jingine."

"Nimesikia, shemeji."

Aikande akaingia ndani, akamkumbatia Tuone. Ndiye pekee aliyekuwa akimngoja mlangoni.

Kwanza akashika fimbo. Tuone akaacha kuchimba mbele yake, akachimba nyuma yake. Pili akamfunga kamba. Tuone akaila kamba, akashushia na kiatu. Tatu akamfokea. Tuone akadhani ni wimbo, akaitikia.

Msimcheke. Mimi nimefuga mbwa katika miji mitatu, na kote huko mbwa ndiye aliyekalia kiti.

Hapo Aikande akakaa chini, akamtazama. Samaki mkunje angali mbichi, sawa, lakini kwanza umjue ni samaki gani. Akaona Tuone akichoka hatafuni. Akaona huchimba palipo na udongo laini na ubaridi.

"Kumbe huna ubaya, baba," akamwambia. "Huna kazi."

Basi asubuhi wakashuka mpaka mferejini, wakapanda kurudi. Jioni wakashuka, wakapanda. Akimkuta na kigoda mdomoni, hafoki. Anamletea mfupa wa ng'ombe. Akiachia kigoda, anamsifu: "Hodari wangu."

Masika yakakaribia. Aikande alihitaji mashimo kumi na mawili ya migomba, na mgongo ulikuwa umekwisha kukataa. Akalainisha udongo mahali kumi na mawili, mbali na mpaka, kila mahali akafukia mfupa.

"Tuone, hapa."

Udongo ukaruka. Mfupa mmoja ukipatikana, Aikande anafukia mwingine chini zaidi. Tuone huyo, miguu juu, mkia juu, pua ndani.

Matone ya kwanza yakaanguka, na Mrindoko akaja na gunia. Akatembea mpakani akipanda, akatembea akishuka, akatembea akipanda tena. Hakuna shimo. Akageuka, akaona kumi na mawili shambani, kila moja linafika gotini. Aikande amesimama kando ya mashimo, kidevu juu. Tuone naye, kidevu juu.

"Nani kakuchimbia?"

"Yule uliyemletea gunia."

Mrindoko akakunja gunia. Mashimo yake yeye, hata moja hakuwa nalo.

"Shemeji, niazime kutwa moja."

"Mchukue."

Akamvusha mpaka. Akamfokea: "Chimba." Tuone akakaa. Akamwonyesha fimbo. Tuone akapiga miayo. Akamfunga kamba amvute. Tuone akaitafuna, akarudi zake nyumbani kwa mwendo wa pole, mwendo wa mwenye cheo. Mrindoko akamfuata nyuma, jasho linamchuruzika.

"Mbwa wako huyu hafundishiki."

"Yeye amekwisha kufundishwa, shemeji," Aikande akasema, akampisha. "Keti. Sasa naanza na wewe."

Ngano yangu imetua mzigo. Iliyo nzuri ibebeni mwende nayo. Iliyo mbaya niachieni mimi, nimezoea.