Nani Achukue Baiskeli ya Mzee Eustaki?

Sogeeni, lakini msiniegemee. Aliyekuja kusinzia akasinzie kwao, maana kisa hiki kina swali mwishoni, na nitakayemuuliza akanijibu "eeh?" atanijua.

Kijijini Mtikile, huko bonde la Kilombero, kuna nyumba ya Mzee Eustaki Likwachala. Nyumba ina watu wengi na baiskeli moja. Kati ya watu hao nawataka watatu tu, kila mmoja na kipaji chake, kama kipaji ndilo neno lenyewe.

Wa kwanza Kasiani, mpwa wa mzee. Huyu alipewa miguu na macho. Akipakia gunia la mpunga kwenye keria, utadhani amebeba mto wa kulalia, na shimo la njiani huliona kabla shimo halijamwona yeye. Akili waliisahau, lakini nani kapewa vyote?

Wa pili Generosa, mke wa mtoto wa mzee. Kipaji chake ni wasiwasi. Haamini chochote kilicho nyuma yake. Kanisani hukaa benchi la mwisho, na hata hapo shingo iko mlangoni.

Wa tatu Odilia, binti wa mzee mwenyewe, aliyerudi nyumbani kutoka kwa mume akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Kipaji chake ni ubahili. Odilia hatupi kitu. Vifuniko vya chupa anavyo, kamba za viroba anazo. Betri za redio zilizokufa anazianika juu ya bati kila asubuhi, mpaka zipate uhai kidogo. Watoto wa jirani humzomea: "Mama Betri kaanika dagaa!" Naye huwajibu, "Dagaa wenu wanawaka?"

Basi, baiskeli ile ilikuwa na taa ya dainamo, ya tangu mzee hajaota mvi. Dainamo unaijua: ukikanyaga inawaka, ukisimama inazima, na ukipanda mwinuko inalishika tairi kama mtoto anayelilia nyonyo. Ikafa. Na barabara kuu ya kwenda mjini ina malori yasiyomjua mtu. Jirani yao mmoja alikuwa ameshagongwa kwa nyuma gizani, mpaka leo anatembea kama kaa. Mzee akasema, "Nendeni gulioni mkanunue taa ya betri, kabla sijazika mtu."

Wakaenda wote watatu, kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake.

Muuza vikorokoro, anaitwa Sudi, akawawekea mezani taa kubwa inayong'aa kama jino la dhahabu. "Hii ya kisasa. Haitaki betri, unachaji tu."

"Nichaji wapi?" Odilia akauliza. "Kwenye mafiga?"

Kasiani akachagua taa ya mbele, ndogo kiasi cha kufichwa kiganjani, mwanga wake mweupe na mrefu. Inakula betri mbili za redio. "Betri hizi kila duka zipo," akasema, na hapo kwa mara moja alisema jambo la maana.

"Binamu, unakwenda kuwinda nguruwe?" Odilia akamcheka.

Generosa akachagua kijitaa chekundu, kidogo kama kifungo cha koti, chenye kibanio mgongoni na betri ya saa tumboni.

"Shemeji, taa ya nyuma ya nini?" Kasiani akamwuliza. "Unamulika ulikotoka?"

"Namulika wanaonifuata. Wewe unamulika mashimo. Shimo limemkimbiza nani?"

Odilia hakununua taa. Aliinama chini ya meza ya Sudi akazoa betri zilizokufa alizozitupa muuzaji, akazifunga pindoni.

"Mtu anakwenda harusini anarudi na mifupa," Kasiani akasema.

"Utakuja kunililia mifupa hiyo," Odilia akamjibu.

Wakarudi nyumbani wakinuniana. Taa nyeupe ikafungwa kwenye usukani. Ile nyekundu Generosa hakuiacha kwenye baiskeli hata siku moja, kwa wasiwasi wa wezi. Akishuka tu, anaibandua na kwenda nayo. Walimcheka kwa hilo pia.

Ukaja msimu wa kuwinga ndege wasile mpunga. Mpunga unajaza, mzee anashinda dunguni, kile kichanja cha juu shambani, akipiga debe na kupiga kelele. Jioni moja jua likiwa linazama, akashuka dungu redio ikiwa sikioni, hatazami anapokanyaga, akamkanyaga kifutu. Kifutu ni nyoka mnene na mvivu, hakimbii mtu. Akauma, akaingia zake mpungani. Hakuna aliyemuua. Likumbukeni hilo.

Wakamkuta mzee anatambaa kwenye maji ya jaruba la mpunga. Wakamleta uani, mguu umevimba kama shina la mgomba. Wakaufunga na ubao usitikisike. Majirani wakajaa, kila mmoja na dawa yake ya uongo. Mzee akawasukuma.

"Hospitali!" akapiga kelele. "Jirani zangu, mnisikie! Atakayenifikisha hospitali nikiwa hai, baiskeli hii ni yake!"

Na pale Mtikile, neno la anayekaribia kufa, likishasikika na majirani, halirudishwi hata mwenyewe akipona. Ndivyo walivyo.

Giza likaingia. Mzee akapakiwa kwenye keria na kufungwa kwa kitenge mgongoni mwa Kasiani. Kasiani akabonyeza taa. Kimya. Akabonyeza tena. Akaifungua, ndani hamna kitu.

"Nani katoa betri?"

Mzee akafumba macho. Aliyeumwa na nyoka hufumba macho, sawa, lakini haya yalifumba upesi mno.

"Baba," Odilia akasema, "redio yako dunguni ilikuwa inakula betri za nani?"

"Mpira ulikuwa dakika za mwisho," mzee akanong'ona.

"Na redio iko wapi?"

"Niliidondosha majini."

Mnaona? Sifa ya taa ile, kwamba betri zake ni za redio, ndiyo iliyotaka kumzika mzee mwenyewe. Na duka la Mtikile lilikuwa limefungwa, mwenyewe yuko mjini.

Odilia akaingia ndani, akatoka na betri mbili alizozianua kwenye bati jioni ile ile, zingali na joto la jua. Akaziuma moja moja kwa gego, kama anavyouma muwa, akazitia kwenye taa. Ikawaka. Haikuwa nyeupe tena, ilikuwa rangi ya chai ya msibani, lakini iliwaka.

"Binamu, usiiwashe njia nzima," akamwambia Kasiani. "Washa penye ubaya, zima penye uzuri. Ukiimaliza hapa kwa kuwaringia majirani, baba utamfikisha mbinguni."

"Wewe huji?"

"Baiskeli ina kiti cha tatu? Nendeni!"

Kasiani akakanyaga. Generosa akakimbia nyuma, mkono mmoja umemshika mzee kiunoni asiyumbe. Njia ya shambani ni nyembamba, mfereji huku na mfereji huku. Walipokaribia daraja la magogo, Kasiani akawasha taa. Katikati ya daraja gogo moja halipo, mtu kaenda kulipikia ugali. Mwanya mweusi, tairi la mbele lingezama mpaka kwenye ekseli. Akafunga breki, akateremka, akamvusha mzee mgongoni. Bila macho yake na taa ile, wote wangekuwa ndani ya mfereji na mamba hawana haraka.

Wakatokea barabara kuu. Hapo Generosa akaanza wasiwasi wake. Shuka la mzee lilikuwa limening'inia nyuma ya keria. Akasema moyoni, nikiibana taa pale, shuka litaifunika. Akakibana kijitaa chake kwenye fundo la kanga yake, mgongoni, akaendelea kukimbia nyuma ya baiskeli, chekundu kinapepesa kama jicho la mlevi. Lori la mpunga likatokea nyuma yao likinguruma. Likaja, likaja, halafu likayumba ghafla upande, likawapita kwa upepo na vumbi. Dereva akatoa kichwa bila kusimama:

"Mama! Kishukuru hicho chekundu! Ningewapangusa wote!"

Akaenda zake. Hata lifti hakutoa.

Wakafika. Taa ya mbele ilizimika mbele ya lango la hospitali, betri zimekwisha kabisa, hata ungezitafuna zisingesema kitu. Daktari akamtazama mzee, akachoma sindano, akasema, "Mngekawia kidogo tu, sasa hivi mngekuwa mnatafuta sanda."

Mzee akapona. Mguu upo, anachechemea. Aliporudi nyumbani akajaribu ujanja.

"Nilisema baiskeli? Ile ilikuwa sumu inaongea."

"Sumu yako ina sauti kubwa," jirani mmoja akamwambia. "Tulisikia mpaka ng'ambo."

Basi ugomvi ukaanza, na mpaka leo hawalali.

Kasiani anasema, "Miguu ni yangu, taa nilichagua mimi, mwanya niliuona mimi. Ningetumbukia nao, baiskeli mngeigombania chini ya maji?"

Generosa anasema, "Mwanya uliuona kwa kuwa ulikuwa mbele yako. Kifo kilikuwa nyuma. Na wewe ulikuwa umekaa, shemeji. Mimi nilikimbia njia nzima peku."

Odilia anasema, "Kimbieni, oneni. Taa bila betri ni kopo. Wewe Kasiani ungemulika na nini, na meno?"

"Wewe hata jasho halikukutoka!" Kasiani anamrukia.

"Jasho ndilo lililowasha taa?"

"Na baba alikuwa wako kuliko wetu," Generosa anaongeza. "Binti akimwokoa baba yake, anadai ujira?"

"Kumbe wifi, wewe ulimkimbilia kwa sababu ni wa jirani?"

Wameambiwa wagawane. Baiskeli siyo boga. Wameambiwa waipande kwa zamu. Hawaaminiani, nimewaambia tangu mwanzo. Kasiani kafungua taa yake kwenye usukani, analala nayo. Generosa ana chekundu chake pindoni. Odilia kafungia betri zake sandukuni. Baiskeli imeegemea ukuta, kipofu mbele, kipofu nyuma, na hakuna anayethubutu kuigusa jua likizama.

Na jana jioni nimepita pale. Nikasikia sauti. Mzee Eustaki ameiokota redio yake jarubani, ameianika juu ya bati, inakoroma lakini inatangaza mpira. Nikajiuliza, betri katoa wapi? Sanduku la Odilia lina kufuli, lakini kufuli la bintiye halimshindi mzee. Amejifunga shuka, anachechemea kwenda dunguni, redio sikioni.

Haya, mmekula maneno yangu, sasa lipeni. Aliyeona mbele, aliyelinda nyuma, na aliyetia uhai katikati: ungekuwa wewe, baiskeli ungempa nani? Na wewe unayecheka hapo, usiniambie wote watatu, hilo si jibu, huo ni woga.

Amueni upesi. Jua linazama, na yule kifutu bado yumo mpungani.