Sarafu Yenye Herufi Pacha

Wapendwa, kabla kapu la sadaka halijapita, hebu zitazameni sarafu zenu. Ni nzuri zote? Basi mtu ninayetaka kuwasimulia asingezigusa.

Alikuwa fundi cherehani, mzee wa kanisa, naye alikusanya sarafu zilizokosewa. Dhahabu hakuiweza, mfuko wake tunaujua. Alizunguka kwa wauza nyanya, akiwapa sarafu nzima ili achukue yenye kasoro, thamani ile ile, nao wakimcheka. Aliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo muhuri wake uligongwa mara mbili ukateleza kidogo, kila herufi ikatoka na pacha wake. Aliitunza ndani ya pamba. Mgeni alionyeshwa sarafu na lenzi kabla hata ya kupewa chai.

Fundi huyu alikuwa na binti mwenye kigugumizi. Mchungaji akampanga kusoma somo Jumapili. Binti akafanya mazoezi wiki nzima, jikoni, akizisomea sufuria. Jumamosi baba akamwambia, "Mwanangu, nimeomba asome mwingine."

"Kwa nini, ba-baba?"

"Utarudiarudia maneno, watu watakucheka. Nakuhurumia tu."

Binti hakulia. Alikwenda kabatini, akaleta ile sarafu, akaifungua pamba na kuiweka juu ya cherehani.

"Hi-hii nayo inarudia, baba. Mbona wa-wageni unawaonyesha?"

Ninyi mngejibu nini? Yeye alibaki ameshika lenzi yake, na hapakuwa na cha kutazama zaidi ya uso wa mtoto.

Ndugu zangu, tusiseme hatujui kupenda chenye kasoro. Tunajua sana, mradi kisituaibishe. Mtoto wetu tunamficha chumba cha nyuma, halafu tunasema ni huruma. Huruma gani hiyo? Tunaona aibu, basi. Na Mungu aliyeuumba ulimi ule hakutuomba tumsaidie kuuficha.

Mmeona leo tumesoma somo moja tu. La pili nimelichelewesha makusudi. Aikande, mwanangu, njoo usome. Baba yako ndiye atakayekushikia kipaza sauti. Ameniomba mwenyewe, na mfano huu ameniruhusu yeye niutoe.

Nasi wengine, mtu asitazame saa.