Kitambaa Chekundu cha Ng'ambo

Nisikilizeni kidogo kabla hamjaanza kutafuta viatu vyenu pale mlangoni mwa msikiti. Najua joto ni kali, na najua wapo ambao wameshatazama saa mara mbili tangu nishike kipaza sauti. Nina habari ya mama mmoja na ndege mmoja. Nikiimaliza mtakwenda.

Tuseme palikuwa na kijiji pale mto unapoingia baharini. Kijiji chote kilikuwa upande huu. Ng'ambo, baada ya mkono mmoja wa mto, palikuwa na nyumba moja tu. Maji yakipwa, ule mkono wa mto unauvuka kwa miguu na tope linakufika kwenye vifundo. Maji yakijaa hakuna cha kuvuka. Kama uko ng'ambo, utakaa hukohuko mpaka yapwe tena, na hiyo ni karibu siku nzima. Shikeni hilo la maji, nitalirudia.

Watu wa kijiji kile walikuwa na kikundi cha kutazama ndege. Msicheke. Nyinyi mnakaa roho juu dakika tisini kutazama mpira, wenzenu wanatazama ndege. Kila mwaka, huko kaskazini baridi inapoanza, ndege wa tope huja kwa maelfu kwenye mito yetu kutafuta riziki, kisha huondoka. Sisi tunawaita wote kitwitwi na tunaendelea na shughuli zetu. Lakini kati yao kulikuwa na mmoja adimu sana pale kijijini. Miguu yake rangi ya chungwa, mdomo mrefu umepinda kwenda juu, na akikamata kaa mdogo humkimbiza majini akamwoshe kwanza ndipo amle. Huyo akionekana, habari inafika mpaka mjini.

Kikundi kilikuwa na katibu, na katibu alikuwa na daftari. Kila ndege anayeonekana anaandikwa: jina lake, tarehe, mahali, idadi, hali yake, na jina la aliyeshuhudia. Katibu alikuwa mtu makini. Angeweza kukwambia ndege yule alionekana mara ya mwisho siku gani, saa ngapi, amesimama kwa mguu upi.

Sasa, ile nyumba ya ng'ambo ilitazamana na fungu la mchanga ambako ndege hukusanyika maji yanapojaa. Kwa hiyo kikundi kilimpa mwenye nyumba kitambaa chekundu na mlingoti. Wakamwambia, "Ukimwona yule, pandisha kitambaa, sisi tutavuka." Yule bwana akafariki. Watu walivuka wakamzika, wakakaa siku tatu za matanga, wakasoma dua vizuri, wakarudi. Kitambaa kikabaki kwa mjane wake. Watoto wake walikuwa mbali, kila mmoja na maisha yake.

Mwaka ule ndege akaja. Mama akapandisha kitambaa. Maji yalikuwa yamekupwa, basi walivuka watu kumi na watano na darubini zao. Wakakaa barazani kwake. Maji yakapanda, ndege wakasogea kwenye fungu, yule adimu akaonekana, watu wakafurahi. Na walipomaliza kufurahi, wafanye nini? Maji yamejaa. Wakakaa. Mama akapika chai, akakaanga mihogo. Mmoja akamtengenezea bawaba ya dirisha. Mwingine akalala mkekani akakoroma. Nyumba ile ilikuwa na sauti za watu tangu asubuhi hadi alasiri, na mama yule alipowasindikiza hadi kwenye tope alikuwa anacheka peke yake.

Baada ya siku mbili ndege akahama. Mama akakaa wiki moja, mbili, tatu. Hakuna hodi. Kuna siku alijikuta anamsalimia paka, akangoja jibu.

Asubuhi moja akapandisha kitambaa.

Wakavuka. Wakatazama fungu lote, ndege hayupo. "Ametoroka sasa hivi," mama akasema, "mngewahi kidogo." Wakanywa chai, wakala, wakangoja maji. Baada ya siku kumi kitambaa kikapanda tena. Na tena. Hiyo mara ya nne, ukihesabu na ile ya kweli, aliwapikia vitumbua, sufuria nzima. Alikuwepo dada mmoja wa kikundi, mwenyewe mpishi wa vitumbua sokoni, akala kimoja, akakitazama.

"Bibi Ng'ambo," akauliza, maana ndivyo walivyomwita wote, "mchele huu umeuloweka lini?"

"Jana mchana, mwanangu. Unga nao umelala usiku mzima, ndiyo maana vimeumuka."

"Na ndege umemwona lini?"

"Leo alfajiri."

Kina mama nyuma ya pazia mmeshaelewa, nasikia mnaguna. Wanaume, ngojeni niwafafanulie. Aliloweka mchele wa watu kumi na watano siku moja kabla ya kumwona ndege. Yaani alijua wageni watakuja kabla ndege hajaja.

Watu wakarudisha vitumbua sahanini. Na ubaya zaidi, maji yalikuwa yamejaa, hakuna wa kuondoka. Wakakaa barazani saa nyingi na mama yule akiwa ndani, hathubutu kutoka. Katibu akafungua daftari, akachukua rula, akachora mstari juu ya kila alichoandika kwa ushahidi wa mama yule. Hata ile siku ya kwanza, siku ya kweli, nayo akaipiga mstari. Maji yalipokupwa akasimama mlangoni.

"Bibi, umetuvurugia daftari. Kitambaa tutakuja kukichukua."

 Mama akasema tu, "Njooni mkichukue, baba."

Nanyi nawauliza: walikwenda kukichukua? Hawakwenda. Mwezi ukapita, ndege wote wakarudi kwao kaskazini, mvua zikanyesha zikakatika. Hata ile njia ya kwenda kumnyang'anya kitu hakuna aliyepata nafasi ya kuipita. Aliyekuwa akivuka ni yeye, kununua unga na mafuta ya taa. Dukani wakimhudumia, "Bibi Ng'ambo, hujambo," "Sijambo," basi, anawahi maji. Ninapofika hapa roho inaniuma, sitawaficha.

Mwaka ukazunguka, ndege wakaja tena. Katibu akaambiwa kuna wageni kutoka mjini wanataka kuja kumtazama yule adimu, kama yupo. Akakumbuka kitambaa. Akataka kumkabidhi mtu mwingine, mwaminifu. Basi asubuhi moja akavuka, haraka haraka, suruali ameikunja hadi magotini, amepanga kurudi kabla maji hayajapanda.

Akapiga hodi. Mama akatoka, akaitikia shikamoo yake, akaingia ndani kuchukua kitambaa. Katibu kugeuka kutazama maji, akamwona ndege. Si mbali, hatua ishirini kutoka barazani. Miguu ya chungwa, mdomo juu, ana kaa mdomoni, anakimbilia majini kumwosha.

Mama akatoka na kitambaa kimekunjwa vizuri, kimefuliwa.

"Bibi, huyu amekuja lini?"

"Ana siku kumi na tisa leo."

"Siku kumi na tisa, na kitambaa unacho? Mbona hukupandisha?"

"Ningepandisha mngekuja."

"Si ndicho ulichokuwa unakitaka, mpaka ukatudanganya?"

Mama yule akamtazama. Hakuwa na hasira. "Mwaka jana niliwaita kwa uongo, nikajuta. Mwaka huu Mungu ameniletea wa kweli mpaka mlangoni. Nikasema sitamtumia. Nitakaa nione, bila ndege, atakuja nani." Akamnyooshea kitambaa. "Umekuja wewe. Na wewe umefuata hiki."

Ndugu zangu, mngekuwa nyinyi mngejibu nini?

Katibu alikipokea kitambaa. Maji yalikuwa yameanza kupanda, angeweza kuwahi. Akayatazama maji, akamtazama mama, akavua viatu akaketi barazani. Mama akaenda kuwasha moto. Hapakuwa na vitumbua siku hiyo, mchele haukulowekwa kwa ajili ya mtu. Wakanywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Mama akazungumza. Alizungumza mpaka sauti ikamkauka, mambo ya mumewe, mambo ya utotoni, mambo ambayo mtu huyarundika moyoni kwa mwaka mzima kwa kukosa wa kumwambia. Ndege akapanda kwenye fungu na wenzake, akashuka, akaondoka. Katibu hakujua ameondoka saa ngapi.

Jioni alirudi nyumbani akafungua daftari. Akaandika tarehe. Mahali, ng'ambo. Idadi, mmoja. Hali, mzima, yuko peke yake. Shahidi, mimi. Akarudi pale penye jina la aliyeonekana ili aandike jina la mama yule, kalamu ikasimama. Hakulijua. Miaka yote ile alijua majina ya ndege arobaini na mawili, na mama aliyemlisha barazani kwake alikuwa anamwita kwa jina la upande wa mto.

Kesho yake maji yalipokupwa akavuka tena. Mama alipomwona anakuja alisimama mlangoni kwa wasiwasi.

"Umesahau nini, baba?"

"Sijasahau kitu, mama. Nimekuja kuuliza jina lako."

 Alipolitaja alilitaja polepole, maana lilikuwa halijatoka kinywani mwa mtu siku nyingi. "Mwanamvua," akasema. "Mwanamvua binti Kombo."

Mfano wangu umeishia hapo. Sasa tuzungumze sisi, na msiniinamishie vichwa.

Mama yule alidanganya, na uongo ni dhambi, sitawaambia vingine. Lakini alidanganya mara tatu. Sisi tumemwambia jirani "nitapita kwako nikutazame" mara ngapi? Nani alituchorea mstari kwa rula? Tunavuka kwenda kwa watu wakiwa na harusi, wakiwa na msiba, wakiwa na mgeni kutoka Ulaya, wakiwa na kitu. Kitu kikiondoka nasi tunawahi maji. Halafu tunashangaa mtu mzima kujifanya mgonjwa ili wanawe wampigie simu. Hakujifanya, jamani. Alipandisha kitambaa, basi.

Nami sijitoi. Pale nguzo ya tatu, upande wa dirisha, alikuwa anakaa mzee mmoja akiegemea ukuta. Mlikuwa mnamwona. Hajaja tangu mfungo uishe. Jana nilijiuliza jina lake nikalikosa, mimi niliyempa mkono kila Ijumaa. Ndiyo sababu mmesikia habari ya ndege leo na si ile niliyoiandaa.

Haya, viatu vyenu viko mlangoni. Mimi nikivaa vyangu naenda kumtafuta mzee wangu, na sina mfuko wala ujumbe. Nawe nenda nyumba moja ambayo huna shida nayo. Akikufungulia atashtuka, atakuuliza umefuata nini. Usitafute sababu. Mwambie nimekufuata wewe, kisha usiwahi maji, ukae mpaka yajae.