Siku Ilondelo Iliponyamaza

Kuitika si kukubali. Mmeisikia leo mkutanoni, mkacheka kwa sababu mtendaji mpya alikunja uso, na sasa mnaniuliza ni nani aliyeisema kwanza. Methali hii ilianza hivi, na ilianza hapa hapa Ilondelo, hata kama watu wa Kinyamo wanajifanya ni yao.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitegemee maneno ya kitabuni. Lakini nilikuwepo, tena nilikuwa miongoni mwa waliokosea.

Wakati huo mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa Njou. Mwanamume wa kifua, aliyeongoza ngoma za mavuno kabla hajaongoza watu, na nadhani hakuwahi kuona tofauti. Akisimama mkutanoni, kabla hajasema neno la maana, anapaza: "Ilondelo!"

Nasi: "Tupo!"

"Hamsikiki!"

"Tupooo!"

"Tupo pamoja?"

"Pamojaaa!"

Hapo vumbi linatimka, kina mama wanapiga vigelegele, mkutano unakuwa mtamu kama harusi. Kumbe ndani ya utamu ule mambo yanapita. Sheria ya kukamata mbuzi wanaozurura ilipita hivyo. Zamu za kuchimba mtaro zilipita hivyo. Njou anasema jambo lake, anamalizia na "Tupo pamoja?", sisi tunaitika, na mtendaji wa kijiji, kijana mmoja mgeni aitwaye Elibariki, anaandika kwenye muhtasari wake: imepitishwa kwa kauli moja. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote, na nilijivunia.

Sasa sikilizeni. Kijiji hakikuwa na zahanati. Iliyokuwa karibu ni ya Kinyamo, mwendo wa saa nne kwa mkokoteni wa ng'ombe, na masika mto unakata njia. Mke wangu Marselina alishikwa na homa ya mapafu mwezi wa tatu. Tulimlaza mkokotenini, tukafika mtoni, tukangoja maji yapungue. Yalipungua jioni. Yeye hakungoja. Sisemi zaidi ya hapo, ila waliokuwa wakija kila uchaguzi kutuahidi zahanati nawajua kwa majina, na sijawasamehe.

Baada ya msiba ule tukaamua kujenga wenyewe. Halmashauri ilikuwa na utaratibu wake: wananchi wapandishe kuta mpaka kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, kisha wao waezeke na walete mganga. Tukafyatua matofali. Tukasomba mawe. Kina mama wakabeba maji kutoka bwawani mpaka njia ikawa tope. Kuta zikafika kwenye lenta, tukaandika barua, tukangoja. Masika mawili yalinyesha ndani ya kuta zile, na mbuzi wakaanza kulala humo.

Badala ya bati ikaja barua.

Njou akaitisha mkutano mkuu, hapo uwanjani mbele ya zahanati isiyo na paa. Akaitoa barua, akaisoma kwa kile Kiswahili chao cha ofisini ambacho ukikisikia unajua kuna kitu kinafichwa. Eti "kuhuisha mipaka ya kiutawala". Eti "kuunganisha maeneo yenye wakazi wachache kwa lengo la kusogeza huduma". Mimi nilishika "kusogeza huduma" tu, nikajua bati linakuja.

Alipomaliza akaikunja, akajaza kifua.

"Ilondelo!"

"Tupo!"

"Tupo pamoja na maendeleo?"

"Pamojaaa!"

Nani atakataa maendeleo? Elibariki akaandika. Watu wakaanza kukung'uta vumbi waondoke.

Pembeni yangu alikuwa amekaa Bi Nzitu kwenye kigoda chake. Huyu alikuwa mama mtu mzima, mfinyanzi, na masikio yake yalikuwa yamepungua nguvu tangu alipougua homa ya uti wa mgongo. Masikio yalipungua, ulimi haukupungua. Ilikuwa kawaida yake kila mkutano ukiisha kuuliza kilichosemwa, nasi tukamwona msumbufu. Siku ile akanivuta shati.

"Mkumbo! Mmeitikia nini?"

Nikamwinamia sikioni. "Maendeleo, Bibi."

"Maendeleo gani?"

Nikafungua mdomo, nikakuta hakuna kitu ndani. Nikamgeukia jirani yangu Kitundu. "Tumeitikia nini, bwana?" Kitundu akacheka, akamuuliza mkewe. Mkewe akamuuliza shoga yake. Swali likatambaa uwanja mzima kama moto wa nyasi, na kila lilipofika kicheko kilizimika. Watu mia nne kasoro tuliitikia jambo, na hapakuwa na hata mmoja wa kulieleza.

Bi Nzitu akanyanyuka, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya mtendaji. "Mwanangu, nisomee ulichoandika. Polepole, na kwa sauti."

Elibariki akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Basi kijana akasoma: "Mkutano umeridhia kwa kauli moja kijiji cha Ilondelo kifutwe, na eneo lake liwe kitongoji cha kijiji cha Kinyamo."

Kitongoji, wajukuu zangu! Na kitongoji hakijengewi zahanati, maana kijiji chake kinayo tayari. Kuta zile tulizopandisha zilikuwa zimekuwa zizi la mbuzi kwa kauli moja, na kauli yangu ndiyo iliyosikika mbali zaidi.

"Njou, umetuuza!" Kitundu alipiga kelele.

"Mimi?" Njou akasema, hata haya hana. "Mmeitika wenyewe. Nimesikia kwa masikio yangu. Mnataka niwasikilizie na tumboni?"

Sijui yeye aliahidiwa nini huko kwenye kata. Sikuwepo. Lakini mtu havunji nyumba yake bure.

Kesho yake alfajiri mimi na Bi Nzitu tulishika njia ya wilayani. Halmashauri tulikalishwa kwenye benchi mpaka saa nane mchana, maana ofisi za wakubwa hupimwa kwa urefu wa benchi. Mwishowe tukapokelewa na afisa mmoja aitwaye Rwiza, mwembamba, mwenye miwani.

"Shikamoo mama. Mzee, shikamoo," akasema. Akafungua faili. "Hapa muhtasari unaonyesha wote mlikubali."

Ikabidi nimwambie tena Bi Nzitu kwa sauti. Naye akajibu kwa sauti kubwa zaidi, hadi vichwa vikachungulia mlangoni: "Hebu iulize karatasi hiyo, ilisikia swali gani?"

Rwiza akavua miwani. Mimi wakubwa siwasifu, na huyu simsifu. Alifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, basi, nasi kwa kutozoea tukaona muujiza. Akasema, "Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kutengua ulichopitisha. Alhamisi ijayo nitakuja mwenyewe nishuhudie. Lakini sikilizeni. Nitaandika nitakachokisikia. Mkiitikia kama siku ile, shauri limekwisha, msirudi tena hapa."

Tukarudi nyumbani tukakusanya watu. Mpango ulionekana rahisi: Njou akiita, asiitike mtu. Tukasema tujaribu. Kitundu akasimama, akajaza kifua kama Njou. "Ilondelo!"

"Tupo!" tukajibu sote.

Tukatazamana. Akarudia. "Ilondelo!" Safari hii wengi walijizuia, ila sauti moja ilitoka. Yangu.

"Huyu Mkumbo hata jogoo akiwika anaitika," akasema mke wa Kitundu, watu wakavunjika mbavu. Mimi sikucheka. Mdomo uliozoeshwa miaka kumi na mbili hausikii amri ya siku moja. Nikaona wazi kabisa kwamba Alhamisi tutashindwa, na atakayetushinda ni ulimi wetu wenyewe.

Bi Nzitu akasema, "Mdomo mtupu ndio unaoitika. Ujazeni maji."

Alhamisi ikafika. Mwenyekiti na afisa Rwiza walikuwa wamekaa mezani, mtendaji na kalamu yake pembeni. Kwenye njia ya kuingilia uwanjani kina mama walikuwa wamepanga mitungi ya Bi Nzitu, na kila aliyepita alipewa kata moja ya maji. Njou alidhani tuna kiu. Tukaketi, mashavu yamevimba, kimya.

Njou akainuka. "Ilondelo!"

Hakuna. Ungesikia nzi akitua.

"Ilondelooo!"

Hakuna. Mashavu yangu yalikuwa yanatetemeka. Neno lilikuwa limeshafika kooni, likakuta maji yamekaa mlangoni, likarudi. Njou akacheka kidogo, akafuta jasho, akajaribu njia nyingine. Akaanza wimbo wa mavuno, ule ambao hata mgonjwa huupokea. Miguu ya watu ikaanza kugonga chini yenyewe, lakini midomo, kimya. Kitundu akababaika akameza maji yake, akajiziba mdomo kwa viganja viwili huku macho yamemtoka. Nilipomwona nikashikwa na kicheko, maji yakanitokea puani. Yale ya mdomoni nikayashika.

Rwiza akainama kwa mtendaji. "Hawa watu wamekula nini?"

Njou ni mjanja, hilo simnyimi. Aliona wimbo umekufa, akageuka kwa afisa na kutabasamu. "Mheshimiwa, wazee walisema kunyamaza ni kukubali. Andika wamekubali."

Na kalamu ya Elibariki ikainuka! Tulikuwa tumejifunga midomo wenyewe, na yule mtu akageuza hata kimya chetu kuwa "ndiyo". Nikataka kupiga kelele na sikuweza.

Bi Nzitu hakulisikia neno lenyewe, lakini aliiona kalamu. Akageukia pembeni, akatema maji yake chini, akasimama.

"Weka kalamu chini, mwanangu!" Elibariki akaiweka. Nadhani angemweka chini hata mwenyekiti kwa sauti ile. "Kasemaje Njou?"

Nikameza maji yangu. "Anasema kunyamaza ni kukubali, Bibi!"

"Ah! Tukisema, tumekubali. Tukinyamaza, tumekubali. Basi siku tutakayokufa atasema tumepitisha kwa kauli moja!" Uwanja mzima ukapasuka, maji yakaruka kila upande kama mvua ya mawe. Yeye akangoja watu watulie. "Afisa, mimi sisikii vizuri, kwa hiyo sijawahi kuitikia chochote katika uwanja huu. Hawa wenzangu wanaitika kwa sababu wana adabu. Ukiitwa, unaitika, ndivyo tulivyolelewa. Lakini kuitika si kukubali. Kukubali ni uulizwe, uelewe, usimame upande wako uhesabiwe. Sasa tuulize!"

Rwiza akasimama. Njou akataka kumtangulia, Rwiza akamwonyesha kiti. "Mwenyekiti, kaa." Kisha akauliza kwa maneno ambayo hata mtoto angeyashika: "Anayetaka Ilondelo ifutwe iwe kitongoji cha Kinyamo, abaki hapa mezani. Anayetaka Ilondelo ibaki kijiji na ijengewe zahanati yake, aende akasimame ndani ya kuta zile."

Wajukuu zangu, sijawahi kuona watu wakitembea vile. Hakuna aliyekimbia. Wazee walishikwa mikono, kina mama wakabeba watoto migongoni, tukaingia kwenye kuta zetu mlango kwa mlango. Chumba cha mganga kikajaa. Chumba cha wazazi kikajaa. Waliokosa nafasi wakakaa madirishani, wengine wakapanda juu ya lenta, na walioshindwa kabisa wakazishika kuta kwa nje. Mbuzi walitoka wakikimbia.

Mezani walibaki watatu: Njou, shemeji yake, na Hango aliyekuwa amelala na pombe yake ya tangu jana. Hango alipoamshwa na kuelezwa swali akasema, "Mimi? Kitongoji?" akaja kwetu akipepesuka, tukampokea kwa vigelegele kama bwana harusi. Shemeji wa Njou akajikuna kichwa. Kisha naye akaja, hakutazama nyuma.

Rwiza akatuhesabu kichwa kwa kichwa, akarudia mara ya pili. Mia tatu na tisini na nne kwa mmoja. Akaandika kwa mkono wake, akasoma alichoandika, akamwinamia Bi Nzitu na kukisoma tena sikioni mwake. "Ni sawa, mama?"

"Sasa ni sawa," akasema.

Ndipo kutoka ndani ya kuta zile ikatoka sauti, sijui nani alianza, na wote tukaipokea hadi Kinyamo nadhani walisikia: "Tupooo!" Hakuna aliyetuita. Tuliita wenyewe.

Kiangazi hicho lori la bati lilifika. Wakubwa walikuja kukata utepe na kuhutubia kana kwamba wao ndio waliofyatua matofali, nasi tukawaacha wahutubie, tulikuwa na haraka ya kuona kitanda cha kwanza kikiingia. Uchaguzi ulipofika Njou aliimba mpaka sauti ikakauka, na aliyeshinda ni Bi Nzitu. Aliongoza kijiji miaka kumi. Kwenye mikutano yake ilikuwa lazima jambo lisemwe kwa maneno mafupi, mmoja mmoja, ana kwa ana, hadi yeye alisikie, na akilisikia yeye, jueni kijiji kizima kimelielewa. Halmashauri nayo ikaandikia vijiji vyake vyote kwamba muhtasari uonyeshe swali lililoulizwa na idadi ya waliosimama kila upande. Waliandika kana kwamba wamebuni wao. Haidhuru.

Kwa hiyo yule mtendaji mpya asiwatishe na kipaza sauti chake. Akiwaita, itikeni, msije mkasema sikuwafunza adabu. Kisha mwambieni arudie swali lake kwa Kiswahili cha watu, ahesabu, na asome alichoandika. Akikunja uso, mwambieni Ilondelo iko hapa kwa sababu hiyo: kuitika si kukubali.