Roshani Isiyo na Nguzo

Kabla ya yote nikiri langu. Niliwahi kupaka rangi juu ya ufa siku ya kukabidhi nyumba ya watu, nikapokea asante yao nikaenda zangu. Mungu anajua. Kwa hiyo hadithi hii siisimulii kama mtu safi.

Palikuwa na mhariri mmoja, Zefania, mwenye jarida la wasanifu majengo. Karatasi yake ilikuwa ya kawaida tu, lakini wataalamu walilisubiri kila mwezi kwa ajili ya ukurasa wa nyuma ulioitwa "Tulipokosea". Hapo msanifu aliandika mwenyewe: nilikosea paa hili, nilikosea ngazi ile, mwenzangu usirudie.

Zefania aliuonea haya ukurasa ule. Alitaka jarida lipendeze. Akaufuta, akajaza picha zinazong'aa. Jaladani akaweka roshani ya ukumbi mmoja wa mbali, imeelea hewani bila nguzo hata moja.

Miezi michache baadaye ikaja barua ya yule aliyeichora. Katibu, Bi. Damari, akaisoma kwa sauti:

"Roshani yangu imeanguka. Namshukuru Mungu ukumbi ulikuwa mtupu. Ilianza hivi: milango ya chini yake ikagoma kufunga. Kisha likashuka vumbi jeupe, laini kama unga. Mwisho ikagonga. Mara tatu, kimya, mara tatu. Tafadhali waambieni wenzangu wasiige."

"Tuichape mwezi huu, mhariri," Damari akasema.

"Roshani hiyo niliiweka jaladani mimi mwenyewe, leo niseme nini? Jarida si mahali pa kutubia, mama." Akaifungia kwenye droo.

Mwaka uliofuata kanisa alikosali Zefania likazindua jengo jipya. Zefania alipoingia aliitambua roshani ya kwaya: ni ile ile ya jaladani. Akavimba kichwa. Barua alikuwa ameshaisahau. Akaketi chini yake. Mkewe, Yuniki, alikuwa juu na waimbaji arobaini.

Mzee wa zamu alikuwa akisukumana na mlango. "Wa juzi tu huu, tayari una kiburi!" Watu wakacheka. Zefania naye akacheka.

Kisha akaona mkono wa koti lake jeusi umekuwa mweupe.

"Bwana mhariri, umepitia mashine ya kusaga?" jirani akamtania.

Alipangusa, pakawa peupe tena. Kwaya ikamaliza wimbo, watu wakainama kuomba, na katika utulivu ule akasikia.

Ko, ko, ko.

Kimya.

Ko, ko, ko.

Kama mtu aliyefungiwa ukutani, anayeomba kwa adabu afunguliwe.

Ile barua ikamrudia; alijua kinachofuata. Alijua pia kwamba akisimama ataulizwa amejuaje. Akabaki ameketi. Ikagonga tena, na safari hii haikunyamaza katikati.

"Shusheni kwaya!"

"Mhariri, tuko kwenye maombi," mchungaji akasema.

"Mchungaji, niliandikiwa barua, nikaificha! Nilijua! Yuniki, washushe wote! Tokeni!"

Wakatoka wakisukumana, wengine wakimcheka. Yuniki alishuka wa mwisho, amemshika mkono bibi mmoja wa sauti ya pili. Walipofika uani ule mlio ukakoma, na kukoma kwake kulitisha zaidi. Kisha roshani nzima ikalala juu ya mabenchi.

Hakuna aliyeumia. Msanifu wa kanisa, Obedi, akamfuata Zefania. "Nilisikia tangu Jumatano. Lakini roshani hii niliiiga kwenye jarida lako. Nikasema nikiuliza nitaonekana mjinga."

"Mimi tangu wiki ya kwanza," mlinzi akasema. "Nilidhani ni pepo. Nikawa nakemea."

Yuniki akamgeukia mumewe. "Barua uliipata lini?"

"Mwaka jana. Mwezi wa nne."

"Miezi miwili tumefanyia mazoezi pale juu, baba."

Akakung'uta joho lake, akaenda nyumbani peke yake, kwa miguu.

Funzo: Jarida la wataalamu halipimwi kwa uzuri wa picha zake, bali kwa makosa linayothubutu kuyachapa, na anayeficha kosa ili alinde jina lake, hajui ni nani amesimama juu ya kosa hilo.

Naomba umtumie hadithi hii mtu mmoja tu anayejenga, kisha umpigie simu uhakikishe amesoma.