Kuku Mweusi wa Mwinyigogo

Bi Semeni alikuwa na mayai tisa ndani ya tenga, ila kuku wa kuyaatamia hakuwa naye. Akaenda kuazima kwa Mwinyigogo, tajiri ambaye kuku wake hata yeye mwenyewe hakujua idadi yao.

"Mchukue yule mweusi," alisema Mwinyigogo. "Siku ya ishirini na moja nakuja. Vifaranga vyote nitakavyovikuta ni vyangu. Yatakayokuwa bado mayai, yako."

"Vyote, Bwana?"

"Kwani kuku wa nani?"

"Haya," alisema Semeni, akamkwapua kuku.

Siku ilipofika, Mwinyigogo alitokea na kapu kubwa. Hakusikia mlio hata mmoja. Akapenyeza mkono chini ya kuku, akadonolewa, akauchomoa mbio.

"Yamechelewa haya! Viza matupu!"

"Mwache kuku wiki moja tu," Semeni alimbembeleza. "Vitakavyotoka tugawane nusu kwa nusu."

"Nusu ya viza?" Mwinyigogo alicheka mpaka majirani wakachungulia. "Chukua yote! Kuku nitamfuata akishachoka kulalia uvundo."

"Jamani, mmemsikia," alisema Semeni.

Wiki iliyofuata Mwinyigogo alimkuta kuku wake ukingoni mwa mfereji wa mpunga, akihangaika na kupiga kelele. Majini, vifaranga tisa vya manjano vilikuwa vikiogelea bila wasiwasi.

"Bata!" alifoka. "Kumbe mayai ya bata! Nami nikadhani yamechelewa!"

"Bata siku zake ishirini na nane," Semeni alijibu, huku akivirushia pumba. "Hayakuchelewa, Bwana. Wewe ndiye uliyewahi."