Milango Mitatu Aliyoziba Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

We wa nyuma, mbona huitikii? Umekula nini? Paukwaa!

Pakawaa!

Haya. Hapo zamani za kale, bondeni kando ya mto, wanyama wenye mashimo walianza kujenga tuta la kuzuia mafuriko. Wakawekeana kodi: kila mlango wa shimo, kapu la udongo. Mkusanyaji alikuwa Nguchiro.

Ngiri alikuwa na milango minne. Jirani yake Nungunungu, minne vilevile. Lakini tuta lilianzia mbele ya Nungunungu! Ngiri akilitazama, roho inamuuma.

"Udongo wangu, usingizi wa Nungunungu?" akamwambia mkewe.

"Baba watoto, tuta litafika na kwetu."

"Likifika, nitalipa!"

"Na litafikaje usipolipa?"

Ngiri akanuna. Akaziba milango mitatu kwa udongo, du! du! du! Akatupia nyasi juu.

Nguchiro akaja. "Hodi! Milango mingapi hapa?"

"Mmoja tu. Nenda kahesabu ya yule mwenye tuta lake!"

Nungunungu akasikia. Miiba ikamsimama, chaa! "Alaa! Yeye atoe kapu moja, mimi manne? Mimi juha?" Naye akaziba, du! du! du! Jirani mwingine, Mhanga mla mchwa, akaona, akaziba yake. Wivu una miguu, jamani. Tuta likabaki nusu.

Masika yakaingia. Mto ukafura. Vuuu! Maji yakapita pale tuta lilipoishia, yakaingia kwa Ngiri kwa mlango ule mmoja. Ngiri alikuwa nje, akichimba mizizi. Mkewe na watoto walikuwa ndani.

"Baba watoto, tunakufa! Fungua!"

Ngiri akaukimbilia mlango mmoja aliouziba, akachimba kwa meno. Akachimba kwa pua. Chimba, chimba! Udongo aliushindilia mwenyewe, haubanduki. Mwishowe akatoka mke. Wakatoka watoto, wanatapika matope. Kitindamimba akatolewa wa mwisho. Mama akamtikisa, akamwita. Hakuitika.

Nungunungu akaja, amelowa chepechepe, shimo lake nalo limejaa maji yaliyolizunguka tuta. Akautazama ule udongo uliochimbuliwa.

"Kumbe udongo ulikuwepo," akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Na wangu pia."

Ndiyo maana hata leo ngiri huingia shimoni kinyumenyume. Anaogopa kuuacha mlango nyuma yake.

Basi sikieni, wakubwa na wadogo: ukinyima kodi ya wote kwa kumwonea jirani kijicho, umeinyima nyumba yako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayeichukua aende nayo, na kapu lake la udongo kichwani.